Supu ya ng'ombe chini ya picha ya Magufuli, Mbezi

Basi la usiku kutoka Singida hunishusha Mbezi Luis kama saa kumi na moja alfajiri, shingo imekakamaa, miguu imeumuka kama unga wa maandazi. Silalamiki. Kabla mabasi hayajaruhusiwa tena kutembea usiku, mwaka 2023, tulikuwa tunatoka Singida alfajiri na kuingia Dar jioni, Kariakoo wanashusha mageti. Unalala gesti, unakula hela ya mtaji kabla hujagusa hata kitenge kimoja. Sasa hivi nafika asubuhi, nanunua, jioni napandisha marobota yangu narudi. Ila mpango wote huo unasimama juu ya kitu kimoja: supu. Mwanamke hawezi kubishana bei na muuza vitenge wa Kariakoo akiwa na tumbo tupu. Atapigwa.

Wenzangu wa biashara wananiuliza kila siku nakula wapi pale stendi. Naandika mara moja yaishe.

Ni nje ya stendi, upande wanakopaki bodaboda. Kibanda cha mabati, mabenchi mawili, meza moja ndefu yenye nailoni ya maua. Hakina bango. Bodaboda wanapaita kwa Mama Magufuli, na mwenyewe hapendi kabisa. Ukimwita hivyo anakwambia Mama Magufuli ni mmoja tu, Mama Janeth, yeye ni muuza supu. Mwite mama, inatosha. Mimi ananiita mama Singida.

Nikiri mapema ili msije mkasema nimehongwa: kila safari namletea dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, naye ananilipa bei ya Singida na kuniongezea kifupa. Kwa hiyo huyu anayeandika hapa ana maslahi. Nitarudi kwenye hayo mafuta, yana habari yake.

Supu yenyewe sasa. Bakuli la nyama 3,000, la utumbo 2,500. Anabandika saa tisa usiku, na unajua imechemka polepole kwa sababu juu kuna vijicho vya mafuta, si ziwa. Ndani mna tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na basi. Hatii vile vidonge vya viungo vinavyokuachia kiu hadi Ubungo. Nyama inaachia mfupa bila ugomvi. Ndimu anakukatia mbele yako, nusu nzima, si ile robo iliyokamuliwa na mteja wa jana. Pilipili ni mbuzi mbichi zilizopondwa na chumvi kwenye kikopo cha blubandi. Chota na ncha ya kijiko, nimeshaona mwanaume mzima akilia.

Chapati 500, za kusukuma, zina matabaka, ukivuta zinafunguka. Sharti moja: usikubali za kwenye hotpoti. Zile za juu zinakuwa zimeshapoa na kukaza. Sema "ya kikaangoni, mama", usubiri dakika tatu.

Chai ya maziwa msinunue. Ni maji ya moto yaliyopita jirani na ng'ombe. Ya rangi ina mchaichai na iko sawa. Chenji ni tatizo sugu. Ukitoa noti ya 10,000 alfajiri unatazamwa kama mwizi, na utaambiwa usubiri mteja mwingine ale kwanza. Na benchi la kulia liko usawa wa moshi. Nguo yangu imeingia Kariakoo ikinuka kuni zaidi ya mara moja.

Benchi la kushoto halina moshi, lakini lina siasa, kwa sababu ndilo linalotazamana na picha.

Si ile picha rasmi ya ofisini, yenye suti na bendera. Ni kipande cha gazeti kilichofunikwa kwa nailoni, kimepigwa misumari minne kwenye mbao, moshi umekigeuza rangi ya chai. Ni ile siku ya Uhuru ya 2015, Magufuli ana mwezi mmoja na siku nne Ikulu, kafuta gwaride na yuko barabarani anazoa takataka kwa mikono yake. Chini ya picha kuna kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile cha 20,000 kilichoanza kugawiwa Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Mama alikinunua siku za mwanzo mwanzo. Kabla ya hapo, anasema, aliuza chakula huku jicho moja likiwa kwenye sufuria na jingine kona ya barabara, maana mgambo wakitokea unabeba sufuria la moto unakimbia nalo. Ana kovu la mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo, la mchuzi wa maharage. Alipokipata kile kitambulisho alikivaa shingoni kama padre na msalaba wake. Mgambo akija, anamwonyesha kifua.

Nimekula pale mara nyingi nikidhani habari imeishia hapo: mama lishe anampenda Magufuli, kama mama lishe na machinga wengi tu. Mpaka safari moja nilipoinama kunawa mikono.

Ndoo ya maji ya kunawa, yenye koki, imekalia tofali la bloku. Ukiwa umesimama hulioni. Ukiinama na sabuni mkononi, unakutana nalo uso kwa uso: lina michirizi miwili ya rangi nyekundu inayokatana, mmoja umekatika pale tofali lilipovunjika. Ni X. Mtu yeyote aliyeishi kati ya Kimara na Kibaha mwaka 2017 hahitaji kuelezwa X nyekundu ni nini. Barabara ya Morogoro ilikuwa inapanuliwa kuwa njia nane, na nyumba zilizosomeka kuwa ndani ya hifadhi ya barabara zikavunjwa, bila fidia. Ya mama ilikuwa Kimara. Vyumba vitatu na kibaraza cha kuuzia vitumbua. Kwenye kifusi akachukua tofali moja, akahamia chumba cha kupanga Mbezi huko ndani.

Nikamwuliza, "Mama, umemtundika aliyeamuru uvunjiwe?"

Alikuwa anachota supu. Hakugeuka. "Mama Singida, kwani baba watoto hajawahi kukuudhi? Picha ya harusi umeitoa ukutani?"

Nilinyamaza. Yangu niliitoa.

Safari hii ya juzi benchi la kushoto lilijaa. Alikuwepo mzee anayetoka Sengerema, koti zito, joto la Dar halijamfikia bado. Alikuwa anasimulia daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria, lililoanza kujengwa wakati wa Magufuli na kufunguliwa Juni 2025, miaka minne baada ya kuzikwa kwake Chato. Linaitwa kwa jina lake. "Mimi nimezaliwa nasubiri kivuko," akasema. "Mjamzito ameshikwa na uchungu saa saba usiku, mnakaa ufukweni mnatazamana na taa za upande wa pili. Wewe kijana wa Dar hujui hiyo." Akaongeza na treni, na bwawa la Rufiji, na ndege. Kisha akatoa lile neno ambalo siku hizi halikosi kwenye benchi lolote la chai: angekuwepo.

Kijana aliyekuwa pembeni yake, begi la kompyuta mgongoni, akaweka kijiko chini. "Na Azory Gwanda, mzee, naye angekuwepo?"

Meza ikapoa. Azory alikuwa mwandishi wa habari aliyekuwa anaandika mauaji ya Kibiti. Alichukuliwa na watu wasiojulikana Novemba 2017 na hadi leo mkewe hajaonyeshwa hata kaburi. Kijana akaendelea, Ben Saanane wa Chadema, aliyepotea mwaka mmoja kabla. Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa upinzani, mchana kweupe, nje ya makazi yake Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, risasi 16 mwilini, akapona kwa kudra, na hakuna aliyewahi kupandishwa kizimbani. Akawataja na mabinti waliopata mimba na kuambiwa hawatarudi darasani, agizo lililokuja kuondolewa Novemba 2021 mwenyewe akiwa hayupo.

Mzee akasema yale yalikuwa ya watu waliomzunguka. Kijana akasema mzee, ukitaja daraja ni lake, ukitaja maiti ni za waliomzunguka. Mzee akafyonza mfupa muda mrefu kuliko mfupa ulivyostahili.

Na mimi nikajitia kati, mdomo wangu huu. Nikawaambia habari ya mafuta ya alizeti. Yanatoka shamba la shemeji yangu, mume wa dada. Huyo alikuwa mtumishi wa umma kwa zaidi ya miaka kumi na tano, mchapakazi, na cheti cha kidato cha nne kilikuwa cha kaka yake marehemu. Aprili 2017 Magufuli alikabidhiwa orodha ya wenye vyeti feki, watu 9,932, naye akiwemo. Ijumaa ana meza, Jumatatu ana jembe. Ukimwuliza leo, anasema kwa kosa lile alikamatwa kwa haki, hana kinyongo nalo. Kinachomkereketa ni kingine: ukaguzi ule haukuwagusa wateule wa kisiasa, wao walitakiwa kujua kusoma na kuandika tu. "Sisi wa chini ndio tulikuwa nchi," ananiambia. Michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii ilikuja kurudishwa wakati wa Samia, akanunulia mashine ndogo ya kukamua. Ndiyo hiyo chapati mnayokula.

Kijana akacheka. Mzee naye akacheka kidogo. Ilipotajwa korona wote tukaacha kucheka. Sitasema mengi. Ninauza vitambaa, najua mwezi mbaya kwa kutazama ni kitambaa gani kinatoka. Takwimu zilikuwa zimekoma tangu mwaka 2020, wagonjwa 509, hesabu ikasimama hapo kama saa iliyoisha betri, nasi tukajifunika mablanketi tukapiga nyungu. Februari 2021 bafta nyeupe ya sanda ilinitoka dukani kuliko kitenge, na kila tangazo la msiba lilikuwa na "changamoto ya kupumua". Mwezi huo huo, tarehe 24, Magufuli alikuja hapa hapa Mbezi kuifungua hii stendi inayoitwa kwa jina lake, siku moja na barabara za juu za Ubungo alizozipa jina la Kijazi, katibu mkuu wake kiongozi aliyekuwa ametoka kuzikwa. Wiki tatu kamili baadaye, tarehe 17 Machi, Mama Samia akatokea kwenye televisheni. Wiki ile niliuza nyeusi mpaka jora la mwisho. Na nililia, niwaambie ukweli, huku napima mita.

Mama wa supu kwenye mazungumzo ya korona haingii. Huchukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo tayari ni safi. Sikumwuliza alimzika nani.

Nikimaliza hapo napanda mwendokasi kwenda Kariakoo. Mtu ataniuliza kwa nini nisipande SGR nikaachana na mabasi. Treni ni nzuri, nimeipanda Dodoma hadi Dar, masaa yasiyofika manne, umekaa kama waziri. Lakini marobota manne ya vitenge si begi la mkononi, na kutoka Dodoma hadi Singida bado utatafuta basi tu. Isitoshe stesheni ile ya Dar nayo wameipa jina lake, kwa hiyo ukimwambia bodaboda wa mjini akupeleke Magufuli, taja na unakwenda kupanda nini.

Alama zangu: supu 9 kwa 10, ile moja nimeikata kwa siku ambazo utumbo haukusafishwa kwa subira. Chapati 8, kama ni ya kikaangoni. Chai ya rangi 7, ya maziwa 2. Usafi nampa 7; vyombo vinasuuzwa kwa maji ya moto na sabuni haikosi kwenye ndoo. Chenji 1.

Nenda na noti ndogo. Ukitaka amani kaa benchi la moshi. Chapati za safari agiza kabla hujaanza kula, anafunga kwenye karatasi ya kaki, nailoni haweki tangu zilipopigwa marufuku Juni 2019. Na fika kabla ya saa moja na nusu asubuhi, kwa sababu basi la kwanza la Mwanza likishusha watu tu, vifupa vimekwisha.