Nyanya za barazani wakati wa maua: makumbi ya nazi au udongo wa samadi?

Dar es Salaam makumbi hayana uhaba. Yakisagwa huwa mepesi, hupitisha hewa na mizizi hutambaa kwa haraka. Kazi huanza maua yanapochomoza. Makumbi yenyewe karibu hayana chakula, na kwa asili hushika kalisiamu huku yakiachia potasiamu na chumvi. Ndiyo maana nyanya huoza kitako hata kama mbolea umeweka. Kabla ya kupanda yaoshe vizuri, yaloweke kwenye maji yenye kalisiamu nitreti, kisha mwagilia kila siku kwa maji ya mbolea mpaka mengine yatoke chini ya ndoo. Kama una maji ya kisima yenye chumvi, na mitaa mingi ya pwani ndiyo yaliyopo, utapigana na chumvi mara mbili.

Udongo uliochanganywa na samadi iliyooza ni mzito, hasa ukiishi ghorofani, na unaweza kuja na minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyotia mizizi vinundu. Lakini unasamehe. Ukisafiri kidogo, mmea hauanguki. Samadi tu usizidishe, utavuna majani.

Joto halichagui: usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, kama Januari na Februari, maua hudondoka kote kuwili. Lenga yachanue Juni hadi Agosti, na utikise mashina asubuhi.

Mwenye nafasi ya kuhudumia kila siku achukue makumbi. Mimi, kwa maji haya ya mgao, nabaki na udongo.