TAHADHARI: Muuza "lisansi ya maisha" ya bakapu anazunguka Lubumbashi

Bandugu, someni hii kabla patron hajafungua kasha la pesa. Tangu Jumapili nimeiandika na kuifuta mara tatu, kwa sababu wengi wenu hapa mnaniita Injenia, na Injenia ndiye aliyeliwa. Anayetaka kucheka acheke kwanza, amalize, halafu asome.

Kuna kijana anapita ofisi kwa ofisi, katikati ya mji mpaka Bel-Air, anauzia kampuni programu za bakapu, zile za kutunza nakala za faili. Leseni "ya maisha", pesa mkononi. Jina lake siliandiki: faili iko parke, kwa mwendesha mashtaka, na wakili amenifunga mdomo. Wanaonijua waniulize uso kwa uso.

Yale ya virusi vilivyoingia kwenye mashine zetu mnayajua, siyarudii. Baada ya pale patron aliniita akasema, "Injenia, ofisi hii ikiungua leo, kesho asubuhi nataka nitoe fakitire, ankara za wateja." Nikatafuta. Muuzaji rasmi akatuletea profoma ya Veeam, programu ya bakapu, kwa mashine tisa, seva tatu na ordinatere (kompyuta) sita, za kulipia kila mwaka, miaka mitatu kwa mkupuo, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu yake. Patron alitazama jumla pale chini, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna punguzo. "Si ni kopi tu? Kopi gani ya bei hii?"

Sikuwa na jibu zuri. Leseni ya namna hii haiangalii una data nyingi au kidogo, inahesabu mashine unazozilinda. Za kampuni nyingine zinahesabu terabaiti, yaani wingi wa data, nyingine soketi za prosesa, nafasi za chipu kuu ndani ya seva, na ukijaribu kulinganisha unaishia kuchora vidoti ubaoni huku patron anatazama saa. Ndivyo nilivyoishia. Jioni ile shemeji akaniambia: kuna kijana tunasali naye, anafanya hizo hizo, na si mwenye bei.

Alikuja Jumanne saa nne. Shati jeupe lililopigwa pasi, mkoba wa ngozi, kadi shingoni. Hakuanza na bei. Alimwendea mama mhasibu.

"Mama, futa faili moja yenye unaogopa sana kupoteza."

Mama akacheka, akamtazama patron. Patron akaitikia kwa kichwa. Basi mama, anayejua kutia watu majaribuni, hakufuta faili moja. Alifuta folda nzima ya avansi za wateja, pesa walizotanguliza, kisha akamwaga na pipa la taka la ordinatere. Tumbo langu lilisogea. Kijana hakuharakisha. Alikunywa maji kwanza, akarudisha kifuniko cha chupa, akakizungusha mpaka mwisho. Halafu akaketi, kliki, kliki, akasubiri, kliki. "Fungua sasa, mama."

Folda ipo. Faili zote zipo, hata ile ambayo mama aliikosea jina mwaka jana akaiandika "avnasi", imerudi hivyo hivyo, "avnasi". Ofisi nzima ikapiga makofi. Dereva aliyekuja kuchukua pesa ya mafuta ya kwenda Kasumbalesa, kule mpakani, naye akapiga makofi, hajui ya nini.

Niambieni, ungekuwa wewe ungefanya nini? Alichotuonyesha hakikuwa mazingaombwe. Programu ni ya kweli, na ni nzuri, siwezi kuisema vibaya. Mwizi wa kitu bandia ningemkamata, hiyo naapa. Huyu alikuwa na kitu halisi chenye karatasi za mtu mwingine.

Halafu akatupiga kwa ukweli wa pili, wa VMware, programu ya kuendesha seva nyingi ndani ya mashine moja. Alimwambia patron: "Papa, si munajua VMware? Broadcom waliinunua mu 2023, mwezi wa kumi na mbili wakafunga lisansi za maisha, sasa kila mutu analipa kila mwaka. Na hizi za bakapu njo zinaenda kule kule. Mimi niko na za mwisho." Patron akanigeukia: ni kweli? Ni kweli, bandugu! Broadcom walimaliza kuinunua VMware Novemba 2023, na Desemba wakaacha kuuza leseni za kudumu. Nilijibu "ni kweli, patron" kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Ile sauti ndiyo ninaisikia usiku.

Bei: dola 1,350, mara moja, mashine zote tisa. "Na mukiongeza ya kumi, hamutalipa hata franga."

Patron akatandaza noti mezani. Kijana akazichukua moja moja, akaziinua dirishani kwenye mwanga. Noti moja ya dola 20 ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama ukucha wa mtoto. Akairudisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote: "Papa, hii banki itakatala, munibadilishie." Tukambadilishia. Pesa yetu aliikagua mpaka kwenye ncha. Mimi leseni yake sikuifungua hata dirisha.

Alitufungia kila kitu siku ile ile. Bakapu kila usiku saa saba, zinakwenda kwenye disiki ya pembeni niliyoinunua mwenyewe. Ripoti za usiku alizielekeza kwenye baruapepe yake, "ili niwafuatilie, musisumbuke." Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa mdomo huu! Ilikuwa Juni mwaka jana.

Tarehe 28 Mei mwaka huu umeme wa SNEL ulikatika mchana, ukarudi saa kumi na nguvu zisizo zake. Stabilizeta ikalia mara moja, seva ya mhasibu ikanyamaza. Disiki zake mbili zimekufa kwa pamoja. Mama akashika kichwa, mimi nikamwambia atulie, tuna bakapu. Hata nilitabasamu, mama ananikumbusha mpaka leo kwamba nilitabasamu.

Nikafungua programu. Nakala ya mwisho: 11 Februari. Nikafikiri saa ya mashine imekosea. Nikatazama kwenye disiki yenyewe, faili baada ya faili. 11 Februari. Baada ya hapo hakuna kitu, miezi mitatu na nusu hakuna kitu.

Ndipo nikaingia kwenye menyu, nikafungua sehemu ya leseni, mara ya kwanza tangu programu iwekwe. Jina la mwenye leseni ni mtu nisiyemjua, na kampuni ya nchi nyingine. Aina ya leseni, herufi tatu: NFR. Mwisho wa muda: 11 Februari.

NFR kwa Kiingereza chao maana yake si ya kuuzwa. Ni leseni ambazo Veeam wanawapa bure wataalamu wao wajifunzie na waonyeshee wateja, kwa mwaka mmoja, na haziruhusiwi kwa kazi halisi. Kijana alikuwa na ya mtu, miezi minne imeshaliwa, akatukatia iliyobaki kwa dola 1,350. Na hiyo haina huruma: leseni ya kulipia kila mwaka ikiisha wanakuacha siku kadhaa ujipange, NFR inakata siku ile ile. Kurudisha ya zamani unaweza. Mpya haichukui. Kila usiku saa saba programu ilikuwa inalia kwamba imeshindwa, na kilio kinakwenda kwenye simu ya nani? Yake. Alijua tangu Februari. Mwezi wa tatu alinitumia salamu za siku ya kuzaliwa.

Ngojeni, kisu chenyewe bado. Veeam wana toleo la bure, linaitwa Community Edition. Linalinda mpaka mashine 10, na linaruhusiwa kazini, humlipi mtu. Sisi tuna tisa! "Mukiongeza ya kumi hamutalipa." Alikuwa ananicheka usoni, au hata hakujua anachosema, sijui kipi kinauma zaidi. Kwa nini hakutuwekea hilo tu, achukue pesa yake ya kufunga, dola 100, 150, tuagane vizuri? Nimelifikiri sana. Kwa sababu toleo la bure linajitaja jina kwenye skrini, na hata mtoto angeuliza.

Yale ya douane, ya forodha tunayowafanyia wateja, hayakupotea: deklarasyo ziko Sydonia, mfumo wa kompyuta wa DGDA, wenye forodha. Kilichopotea ni cha ndani: nani ameweka avansi, nani tunamdai pesa ya lori, fakitire zipi zimelipwa nusu. Wiki tatu tunaandika upya kutoka kwenye karatasi. Mimi mwenyewe nimekwenda Kasumbalesa mara mbili kuomba kopi kwa wateja, na mteja akijua huna kumbukumbu ya deni lake, mnajua kumbukumbu yake naye inavyokuwa. Sheria ya OHADA, ya biashara ya nchi kadhaa za Afrika na yetu ikiwemo, inatutaka tuweke vitabu vya hesabu miaka 10. Sisi hata miezi kumi tumeshindwa. Patron hapigi kelele, ananikata dola 75 kila mwezi na kuniita kwa jina langu la kwenye kitambulisho. Injenia imekwisha.

Kwa hiyo nisikieni, simtakii mema. Wengine wananiambia msamehe, mnasali pamoja. Mimi sisali naye, shemeji ndiye anayesali naye, na shemeji siku hizi akiniona barabarani anavuka upande wa pili. Tuna sheria ya mambo ya numeriki, ya kidijitali, tangu Machi 2023, itumike basi, au ni ya kupamba kabati? Asimamishwe pale Posta na mkoba wake wa ngozi, aeleze hadharani NFR ni nini, kliki kwa kliki, na mama mhasibu amsimamie. Mimi nilisoma Kasapa, chuoni. Yeye namtakia Kasapa ile nyingine, ya gereza, yenye ukuta mrefu, na arudishe pesa akiwa humo humo. Arudishe na mafuta ya Kasumbalesa.

Mnaniuliza alama zake. Anataka pesa mkononi, M-Pesa anaikwepa. Fakitire yake ina muhuri mkubwa wa bluu lakini haina NIF (namba ya mlipa kodi), haina RCCM (namba ya usajili wa biashara), TVA haipo, na mimi niliiona nikafikiri ndiyo unafuu wenyewe. Leseni: fungua mwenyewe uone jina la nani limeandikwa na inaisha lini, akiwa bado amekaa mbele yako. Ripoti ziende kwako. Mengine nitakumbuka.

Ah, na mkono wa kushoto ana saa kubwa ya rangi ya dhahabu. Labda ameshaiuza, labda ameshanunua ya pili kwa pesa yetu.

Wiki iliyopita mtu alimwona kule Kampemba, anaingia kwenye poliklinike na mkoba ule ule. Poliklinike! Faili za wagonjwa! Mwenye ndugu anayefanya kazi kwenye poliklinike yoyote ya kule ampigie leo, si kesho.

Alhamisi saa tatu asubuhi niko parke. Wakili anasema faili ya mtu mmoja inalala kabatini, za watu watano zinasimama. Aliyeuziwa aje na fakitire yenyewe yenye muhuri, si picha ya simu, na apige picha dirisha la leseni kabla hajafuta chochote. Na ukimkuta njiani usimguse, wala usimwambie kwamba umesoma hapa. Muulize tu bei ya mashine kumi, umshikilie na maongezi, unipigie.