Uzoefu wangu na Proton Mail: hesabu za watu si za kupekuliwa

Naandaa hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Dodoma: wauza nafaka wa Soko la Majengo, mafundi, wenye maduka ya dawa, na wakulima kadhaa wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Wananitumia kwa barua pepe taarifa za benki, miamala ya simu, malipo ya vibarua na ritani za kodi. Anayefungua kisanduku changu atajua nani anadaiwa, nani anasomesha mtoto ambaye nyumbani hawamjui, nani ameuza kiwanja bila kuwaambia ndugu zake. Siri hizi si zangu, nimekabidhiwa tu. Ndiyo maana nilihamia Proton Mail, huduma ya barua pepe inayofunga barua zisisomwe na asiyehusika, na naandika kwa ajili ya wenye kazi kama yangu.

Nilianzia Gmail kama karibu kila mtu ninayemfahamu. Ilipozinduliwa Aprili 2004 ilitoa GB 1 bure, nafasi kubwa mno kwa wakati ule, na kilicholipia ukarimu huo ni matangazo: mitambo ya Google ilipitia maneno ya barua ili ichague tangazo la kukuwekea pembeni. Mwaka 2017 Google ilitangaza kuacha kutumia yaliyomo kwenye barua kwa kazi hiyo. Lazima hilo lisemwe kwa haki, maana bado nasikia watu wakirudia habari ya zamani. Mitambo inaendelea kupitia barua ili kuchuja taka, kunasa virusi na kukupendekezea majibu.

Kwangu tangazo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mwenye seva, yaani kompyuta zinazohifadhi barua zako, ndiye mwenye ufunguo wa kuzisoma. Mwaka 2016 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa Yahoo, mwaka mmoja kabla, ilitengeneza programu ya kupekua barua zote zilizokuwa zikiwaingilia wateja wake, kwa matakwa ya vyombo vya usalama vya Marekani. Yahoo waliiita habari hiyo ya kupotosha. Hata ukiwaamini, swali linabaki pale pale: kama wanaweza kufungua, kesho atakuja nani kuwaomba wafungue?

Na sheria yetu inanihusu moja kwa moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Watumishi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wana mfumo wa barua pepe wa Serikali, wenye anwani za go.tz. Sisi wa Makole na Majengo tunajichagulia wenyewe, na lawama ya kuchagua vibaya inatuangukia wenyewe.

Proton iko Geneva, Uswisi, na huduma yao ya barua ilianza mwaka 2014, ikianzishwa na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha hukohuko. Barua kati ya watumiaji wawili wa Proton hufungwa kwa usimbaji, yaani hugeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, kwenye simu au kompyuta ya mtumaji kabla haijaondoka, na hufunguliwa kwa mpokeaji tu. Ufunguo unalindwa na neno lako la siri, ambalo wao hawana. Barua inayokuja kutoka nje, tuseme kwa mtu wa Gmail, hupita kwanza kwenye kichujio cha taka, kisha hufungwa na kuhifadhiwa hivyo.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi hujipa matumaini bure. Mteja wako akiwa Gmail, ukamwandikia barua ya kawaida kutoka Proton, nakala iliyofika kwake inasomeka na mwenye seva ile kama barua nyingine yoyote. Kuhama peke yako kunalinda upande mmoja. Hata barua aliyokuandikia yeye imeacha nakala huko.

Dawa yake, na kwangu hii ndiyo sababu hasa ya kubaki nao, ni barua ya neno la siri. Naandika barua, naiwekea neno la siri, mteja anapata kiungo, anaweka neno hilo na kusoma. Anaweza kujibu palepale na kuambatisha hati zake bila kuwa na akaunti ya Proton. Neno lenyewe nampa kwa mdomo, kwa simu, silitumi kwa SMS. Mzee mmoja wa Hombolo aliniuliza, “Mwanangu, mbona siku hizi barua zako zina kufuli?” Nikamjibu, “Shikamoo baba. Ni hesabu zako, nataka uzisome wewe tu.” Akanyamaza kidogo, akasema, “Basi hata za mke wangu mdogo zifunge.” Hakuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Kuna ugumu wake. Nchi yetu imechoshwa na ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, na watu wameonywa, kwa haki kabisa, wasibonyeze viungo wasivyovijua. Kwa hiyo napiga simu kwanza, kisha ndiyo natuma. Pia barua hizo hufutika baada ya siku 28 usipobadilisha muda, hivyo mteja lazima apakue hati yake na kuihifadhi.

Jambo la kuangalia sana: kichwa cha barua hakifungwi kama yaliyomo ndani. Naandika “Hesabu za Mei”, basi. Jina la mteja, deni, kiasi, vyote vinakaa ndani. Tuta, huduma nyingine ya barua pepe iliyoko Hannover, Ujerumani, hufunga hadi kichwa, na kwa hilo wamewazidi Proton. Sikwenda kwao kwa sababu kompyutani natumia Thunderbird, programu ya kusomea na kuandikia barua, na Proton wana programu iitwayo Bridge ya kuunganisha, kwa anayelipia. Tuta haiunganishwi hivyo.

Wala Uswisi si kichaka cha kujificha. Mwaka 2021, kwa amri ya mamlaka za Uswisi, Proton walitoa anwani ya IP, yaani namba inayoonyesha mtu aliingia mtandaoni kupitia wapi, ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa. Yaliyomo kwenye barua hayakutolewa, kwa kuwa hawakuwa na namna ya kuyasoma. Hilo ndilo ninalolihitaji mimi: yaliyomo. Anayetafuta kutojulikana kabisa atafute kwingine.

Akaunti ya bure ina nafasi hadi GB 1 na ukomo wa barua 150 kwa siku. Kwa mtu binafsi inatosha. Taarifa za benki zilizoskaniwa huijaza haraka, kwa hiyo nalipia kwa kadi ya benki, napata GB 15 na anwani yenye jina la biashara yangu. Kitu cha kwanza baada ya kufungua akaunti kiwe kuandika kwenye karatasi maneno ya kurejesha, yale ambayo Proton wanakupa ya kufungulia barua zako ukisahau neno la siri. Ukisahau neno la siri huku huna maneno hayo, utaweza kuingia tena kwenye akaunti kama uliweka barua pepe au namba ya simu ya kurejesha, ila barua za zamani hazitafunguka. Karatasi yangu iko kwenye kabati la chuma, pamoja na leja za wateja, na mteja mpya namweleza utaratibu wote huu kabla sijapokea kwake hati hata moja.