Vijiji vya vilimani Italia: ununue usafiri gani, na wa kijiji kipi

Vijiji vya kale vya Toscana, Umbria na Lazio ya kaskazini vilijengwa juu ya vilele kwa makusudi, ili adui aonekane angali mbali na malaria ya mabonde ibaki huko huko chini. Reli ilipokuja katika karne ya 19 ilipita bondeni. Ndiyo maana stesheni yenye jina la kijiji huweza kuwa kilomita tano chini ya lango lake, na pesa nyingi za wageni huishia kwenye kipande hicho kifupi: teksi ya ghafla, faini ya kamera, au kulala mahali usipopanga kwa sababu basi la mwisho limekwisha ondoka. Kabla ya kulipia chochote, uliza maswali mawili: kutoka stesheni hadi langoni napandaje, na je, njia hiyo inafanya kazi siku ninayokwenda? Tumepanga njia hizi kwa kipimo hicho, ile tunayoipendekeza zaidi ikitangulia.

1. Treni ya mkoa

Kwa safari ya kwanza, nunua hii, kisha uchague vijiji vinavyoifaa. Orvieto ndiyo bora kuliko vyote. Treni ya mkoa kutoka Roma huchukua saa moja na robo hivi. Ukitoka nje ya stesheni, mbele yako kuna treni ndogo inayovutwa kwa kamba kupanda jabali. Kibao chake kinasema funicolare. Inakushusha Piazza Cahen, na hapo kuna basi dogo la kwenda kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1290. Hatua chache kutoka inaposhukia kuna Pozzo di San Patrizio, kisima kilichochimbwa kwa amri ya Papa Clemente VII baada ya Roma kuporwa mwaka 1527. Kina ngazi mbili zinazojisokota bila kukutana, kila moja ina vipandio 248, ili nyumbu wanaoshuka wasigongane na wanaopanda na maji. Yote hayo bila gari.

Baada ya Orvieto, tungeichagua Spello: kutoka stesheni hadi lango la Kirumi ni kama dakika kumi kwa miguu, kisha ni kupanda tu. Assisi inahitaji basi la mji, mstari C, kwa sababu stesheni iko Santa Maria degli Angeli, bondeni. Spoleto ina ngazi za umeme na mikanda ya kutembelea inayopita ndani ya kilima hadi karibu na ngome ya Rocca; hicho ndicho kijimji tunachompendekezea mtu mwenye magoti mabovu. Cortona ni nzuri lakini ina mtego. Ukishuka Camucia, stesheni yake ya bondeni, umebakiza mlima mkali wa kilomita tano hivi, na Jumapili mabasi ni ya kuhesabu.

Kuhusu tiketi, nauli ya treni ya mkoa haibadiliki. Ukinunua mwezi mmoja kabla au dakika kumi kabla, bei ni ile ile, na hakuna kiti cha kuhifadhi. Usikubali kuuziwa tiketi ya treni ya kasi kwa ajili ya vijiji hivi. Nyingi hupita bila kusimama, na bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kimashine cha jukwaani kabla ya kupanda. Ya simu hufanyiwa check-in kwenye programu siku ya safari. Usipofanya hivyo utatozwa faini hata kama nauli umelipa, na kusema wewe ni mgeni hakusaidii.

2. Gari dogo la kukodi, kwa siku mbili au tatu tu

Val d'Orcia, bonde la Toscana lenye Pienza, San Quirico, Monticchiello na Montalcino, huwezi kuiona vizuri bila gari. Vijiji viko karibu karibu, lakini mabasi hufuata saa za wanafunzi na wafanyakazi. Hapa gari lina thamani yake. Kosa la kawaida ni kulikodi uwanja wa ndege siku ya kwanza na kulirudisha siku ya mwisho, huku siku za Roma na Firenze likilipiwa maegesho bila kuguswa. Fika kwa treni Orvieto, Arezzo au Siena, ndipo uchukue gari. Ofisi za miji midogo hufungwa mchana na nyingi hazifunguliwi Jumapili, kwa hiyo linganisha saa ya treni na saa ya ofisi kabla ya kulipa.

Leseni isiyo ya Ulaya huhitaji leseni ya kimataifa ya kuendesha, nayo hutolewa nchini kwako kabla hujasafiri, Italia hawatakupa. Kadi iwe ya mkopo na iwe na jina la dereva mwenyewe. Kadi za kulipia kabla, ambazo wengi Afrika Mashariki tunazo, mara nyingi hukataliwa kaunta kwa sababu kampuni hutaka kuzuia dhamana juu yake, na hapo gari ulilohifadhi hulipati. Magari mengi ni ya gia za mkono. Ukitaka otomatiki, agiza mapema na ukubali kuzidishiwa. Aliyezoea kuendesha kushoto, kama ilivyo Kenya, Tanzania na Uganda, achukue otomatiki bila kubishana na nafsi yake. Usukani uko upande mwingine, kwenye kipilefti magari huzunguka kinyume cha saa, na kupanda kilima chenye kona kali huku mkono wa kulia ukitafuta gia si mahali pa kujifunzia.

Chukua gari dogo kabisa linaloingiza mizigo yenu. Bima ya msingi huacha kiasi fulani juu yako, kinachoitwa franchigia, na kwa kawaida haihusu matairi, vioo na chini ya gari. Barabara nyeupe za changarawe za Toscana huharibu hivyo hivyo vitatu. Soma kifungu hicho kabla ya kutia sahihi. Kisha piga video ya gari lote, rimu na kioo cha mbele vikiwemo, siku ya kulichukua na siku ya kulirudisha.

Hatari kubwa kuliko zote ni ZTL, eneo ambalo magari ya wasio wakazi hayaruhusiwi. Karibu kila kijiji cha kale kinalo, na kamera ndiyo inayolinda, si askari. Kibao cha umeme kikiandika varco attivo, yaani kamera inafanya kazi, usiingie. Ukipita kamera, ni faini. Kampuni ya gari nayo hukukata ada kwa kutoa jina lako, kisha faini yenyewe hufika kwa posta. Sheria inawapa wenye kutoza faini siku 360 kumpelekea anayeishi nje ya Italia. Ukilipa ndani ya siku tano tangu kuipokea, hupungua asilimia 30. Kama hoteli yako iko ndani ya eneo hilo, wapelekee namba ya gari waisajili, na usiingie mpaka wakujibu. Lililo rahisi zaidi ni kuegesha nje ya kuta na kupanda kwa miguu. Mistari ya buluu ni ya kulipia, nyeupe ni ya bure, ya njano si yako.

Kwenye barabara ya kulipia, pita njia yenye alama ya kadi au ya fedha taslimu. Ile ya njano ya Telepass, malipo ya kifaa cha ndani ya gari, waachie wenye kifaa hicho. Barabara kuu ya Firenze hadi Siena haina malipo. Kwenye mafuta, pampu ya servito ina mhudumu na bei ya juu. Ya kujihudumia ni nafuu. Gasolio ni dizeli, benzina ni petroli.

3. Gari na dereva

Mkiwa wanne, ombeni bei kabla ya kuiondoa akilini. Huduma hii huitwa NCC. Bei iwe ya gari zima, si ya kichwa, na uulize kwa maandishi bei hiyo ni ya muda wa saa ngapi, na kama ushuru wa barabara na maegesho vimo. Inafaa sana kwa Val d'Orcia mkiwa na mzee, au mkipanga kuonja mvinyo Montalcino.

4. Basi peke yake

Ni nafuu kuliko gari, na kwa San Gimignano linafaa kabisa: treni hadi Poggibonsi, kisha basi la kama dakika 25 hadi langoni. Minara 14 imebaki kati ya 72 iliyokuwapo. Shida ni ratiba. Feriale ni Jumatatu hadi Jumamosi, festivo ni Jumapili na sikukuu, scolastico ni siku za shule tu. Mgeni anayesoma mstari wa scolastico mwezi Agosti atakaa kituoni mpaka giza. Tiketi nunua kwenye duka la tumbaku au baa, zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, maana juu mlimani duka hufungwa mchana.

Civita di Bagnoregio ndiyo inayowaangusha wengi. Kutoka Orvieto basi la kampuni ya Cotral huenda Bagnoregio, lakini si Jumapili. Ukishuka, kuna mwendo wa karibu nusu saa hadi daraja la waenda kwa miguu lililojengwa mwaka 1965, lenye mwinuko mkali mwishoni, na kiingilio cha euro 5. Sanduku la magurudumu liache Orvieto.

5. Ziara ya siku moja kwa basi kubwa

Zile za kutoka Firenze zinazokupa Siena, San Gimignano na Pisa kwa siku moja tunaziweka mwisho. Sehemu kubwa ya siku huishia barabarani, na unafika San Gimignano saa ile ile ambayo mabasi mengine yote yamefika. Nunua tu kama una siku moja na hutarudi tena, na uchague inayotembelea vituo viwili, si vinne.

Mwenye siku nne, mwezi wa Mei au Septemba, anunue hivi: treni ya mkoa Roma hadi Orvieto, usiku mmoja huko, basi la asubuhi la Civita, siku ya kazi, na kurudi, gari dogo kutoka Orvieto kwa siku mbili, likae nje ya kuta za Pienza, kisha arudishe gari Orvieto kabla ya saa sita mchana, ofisi ingali wazi, apande treni ya kurudi Roma.