Saiba (duka la intaneti) ya nyuma ya Mwembe Tayari, Mombasa: nyota tatu

Ijumaa baada ya swala nilikwenda kuchapisha matokeo ya udiwani wa Bolton, Uingereza. Binti yangu yuko huko na amepiga kura kwa pasipoti yake ya Kenya. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali anaruhusiwa, ila tangu 2023 lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha.

Kijana wa kaunta ana adabu, mashallah. "Mama, mimi hata MCA wangu, mwakilishi wa wadi yetu hapa, simjui, wewe wafuata wa Bolton!" Nikamweleza: kila wadi ina madiwani watatu, huchaguliwa mmoja mmoja miaka mitatu mfululizo, wa nne hakuna uchaguzi. Akashika kichwa. "Kampeni kila mwaka? Vipaza sauti si vitatumaliza!"

Intaneti kasi, pangaboi lafanya kazi. Taabu ni printa. Shilingi 10 kwa ukurasa, na karatasi ikatoka na majina matupu, safu ya kura imekatwa pembeni. Sasa nijue vipi nani kashinda? Kuchapisha tena akataka nilipe upya. Tukavutana mpaka akakubali tano.

Nendeni na karatasi mukaikague hapohapo kaunta.