Uzoefu wangu na SOPS, programu ya kufungia siri: paswedi za seva zetu hapa Kigoma

Ofisi yetu ipo Mwanga, Kigoma mjini, chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mafundi wa mfumo tupo wanne. Tunaendesha mfumo wa mahesabu ya dagaa: mitumbwi ikifika Kibirizi asubuhi, karani anapima mzigo, anaingiza kilo kwenye simu, mwenye mzigo anapata meseji na malipo yanaingia kwenye namba yake. Mteja anaona meseji moja tu. Nyuma yake kuna paswedi ya hifadhidata, ya kampuni ya meseji, ya malipo ya simu, ya nakala rudufu, na nyingine kama hizo kwa seva ya majaribio. Nilipozihesabu mara ya kwanza zilifika 31.

Kwa muda mrefu paswedi hizo zilikaa sehemu tatu: kwenye daftari langu, kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na kwenye mafaili ya .env (mafaili ya maandishi yenye mipangilio na siri za programu) ambayo kila mmoja alikuwa na toleo lake. Siku moja nikakomiti faili la .env pamoja na msimbo wa programu, yaani nikaliingiza kwenye historia yake, nikapushi kwenye repozitori, hifadhi yetu ya pamoja, na sikugundua mpaka dakika kama arobaini baadaye. Repozitori ilikuwa ya faragha, lakini humo ndani tulikuwa tumewaingiza vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo. Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, nayo haisahau. Ukifuta faili leo, komiti ya jana bado inalo. Usiku ule nilibadilisha paswedi moja baada ya nyingine mpaka adhana ya alfajiri.

Baada ya hapo nilichagua kitu kikubwa mno. Tuliweka programu ya seva ya kutunzia siri, ile aina ambayo huduma nyingine zote zinaiomba paswedi kila zinapowaka. Kwa kampuni yenye watu wa zamu ni kitu kizuri. Ila seva ya namna hiyo ikizimika, inaamka ikiwa imefungwa, na haitoi kitu mpaka wenye vipande vya ufunguo wake waje kuifungua. Sisi tuligawa vipande vitatu, viwili vikatosha kufungulia. Usiku wa kuamkia Jumamosi moja umeme ukakatika, UPS (betri ya akiba) ikaishiwa, umeme ukarudi saa tisa usiku, mashine ikajiwasha na siri zikabaki zimefungwa. Kipande kimoja nilikuwa nacho mimi. Wa pili alikuwa kwenye treni ya Tabora, sehemu isiyo na mtandao. Wa tatu amelala, simu imeisha chaji.

Na zilikuwa siku za giza. Anayeishi hapa anajua maana yake: mwezi haupo, taa za wavuvi zimejaa ziwani kama mji mwingine, na alfajiri mzigo unashuka mwingi kuliko siku zote. Makarani waliandika kwenye karatasi mpaka saa nne asubuhi. Mama mmoja mchuuzi alinipigia: “Mwanangu, hela yangu iko wapi? Wenye mtumbwi wananidai hapa.” Nikamwambia, “Shikamoo mama, naomba univumilie kidogo.” Sikuwa na lingine la kumwambia, na sauti yake ninayo mpaka leo.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15. Kazi ikapungua, nikapata nafasi ya kutafuta njia nyingine kwa utulivu. Ndipo nilipohamia SOPS, na ndiyo ninayotumia mpaka sasa.

SOPS ni programu ya kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Ni faili moja la kuendeshea, basi. Hakuna seva ya kulinda wala huduma inayotakiwa iwe macho usiku kucha. Ilianzia Mozilla mwaka 2015, na tangu 2023 iko chini ya Cloud Native Computing Foundation, taasisi inayolea programu za msimbo wazi. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unaipa faili la mipangilio la YAML, JSON, INI au .env, yenyewe inasimba thamani, yaani inazigeuza zisisomeke bila ufunguo, na kuacha majina kama yalivyo. Ukilifungua faili bila ruhusa utaona kwamba kuna kitu kinaitwa db_password, lakini mbele yake kuna mstari unaoanza na ENC, kisha AES256_GCM (jina la njia ya kusimba), kisha herufi zisizoeleweka. Kwa hiyo faili hilo linaweza kukaa ndani ya Git pamoja na msimbo, kila mtu akawa na toleo lilelile, na bando likiisha bado unalo kwenye laptopu.

Kilichonituliza roho ni kuelewa inavyofanya kazi ndani. Kila faili linatengenezewa ufunguo mmoja wa data, na huo ndio unaosimba thamani zote. Kisha ufunguo huo wenyewe unasimbwa mara moja kwa kila aliyeruhusiwa, na nakala hizo zinakaa mkiani mwa faili hilohilo. Fikiria sanduku la bibi lenye kufuli moja, halafu ufunguo wa kufuli hiyo ukafungiwa ndani ya vijisanduku vitano, kila mwenye haki na chake. Kumwongeza mtu wa sita ni kutengeneza kijisanduku kimoja zaidi.

Makampuni makubwa hutumia huduma za funguo za AWS, Google au Azure kwa kazi hiyo. Sisi tunatumia age, programu nyingine ndogo ya Filippo Valsorda. Unaandika `age-keygen -o keys.txt`, unapata jozi: ufunguo wa wazi unaoanza na age1, na wa siri unaoanza na AGE-SECRET-KEY-1. Ule wa wazi unaweza kuutuma hata kwa WhatsApp, hauna madhara. Mwenzetu aliyehamia Tabora alinitumia wake akiwa stesheni, nikauongeza kwenye faili la .sops.yaml lenye orodha ya walioruhusiwa, nikaendesha `sops updatekeys` inayotengeneza vijisanduku kulingana na orodha hiyo, nikapushi. Alipofika nyumbani kwake Isevya akavuta toleo jipya kutoka kwenye repozitori, akafungua. Hakuna paswedi iliyopita hewani.

Matumizi ya kila siku ni hivi. Naandika `sops edit siri.yaml`. Faili linafunguka kwenye kihariri changu likiwa linasomeka, nabadilisha paswedi ya kampuni ya meseji, nahifadhi, nafunga. SOPS inasimba tena. Nikiangalia tofauti kwenye Git, naona mstari mmoja tu wa thamani umebadilika, pamoja na ule wa tarehe na ule wa MAC, ambayo ni alama inayohakikisha hakuna aliyechezea faili kwa mkono. Thamani ambazo sikuzigusa zinabaki herufi kwa herufi. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalofanya ukaguzi uwezekane: mwenzangu akitazama komiti yangu anajua nimegusa paswedi ipi, ingawa thamani yenyewe inabaki imefungwa hadi atakapoifungua kwa ufunguo wake. Nakumbuka tulipotumia .env ya kutumiana, swali la “nani kabadilisha hii na lini?” halikuwahi kupata jibu.

Kwenye seva tunatumia `sops exec-env`. Inasimbua, inaikabidhi programu siri zake kama vigezo vya mazingira, yaani thamani inazopewa programu inapowashwa, na hakuna faili wazi linalobaki kwenye diski. Seva ina ufunguo wake wa age, tofauti na wa watu. Umeme ukikatika na kurudi, inaamka na kuendelea na kazi bila kumwamsha mtu. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya niipende. Lakini niseme na upande wa pili: ufunguo huo umo ndani ya mashine. Akija mwizi akabeba mashine yote, amebeba na ufunguo, isipokuwa diski nzima iwe imesimbwa. Ile programu ya mwanzo ilikuwa inatulinda hapo, na sisi tuliamua kubeba hatari hii kwa sababu kukatika kwa umeme tunakuona kila mara, na mlango wa ofisi tumeuwekea geti la chuma. Ofisi nyingine inaweza kupima vinginevyo na ikawa sahihi.

Sasa nieleze siku niliyoijua thamani ya karatasi. Wakati naanza, nilitengeneza jozi moja ya ziada isiyokaa kwenye kompyuta yoyote. Ufunguo wa siri wa age ni mstari mmoja wa herufi 74, kwa hiyo niliuandika kwa peni kwenye karatasi ngumu, nikatia bahasha, bosi akaifungia kwenye kabati lake la chuma. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata diski ya laptopu yangu ilikufa ghafla. Wenzangu wawili walikuwa safarini Kasulu kwa mteja, na mmoja yuko Tabora. Niliomba bahasha, nikakaa kwenye kompyuta ya mhasibu, nikaanza kuandika herufi moja moja, yeye ananisomea kwa sauti. Mpangilio wa funguo hizi umeondoa makusudi herufi zinazochanganya: baada ya ile 1 ya mwanzo hutakutana na 1 nyingine, wala B, wala I, wala O. Ukiona duara, ni sifuri. Hata hivyo nilikosea. Nikaendesha, ikakataa ufunguo, kwa sababu herufi za mwisho ni za kuhakiki zile za mbele. Tukarudia kusoma, tukakuta nimeandika U mahali pa V. Nikasahihisha, faili likafunguka, na mhasibu akasema “Alhamdulillahi” kabla yangu.

Kama hukuandika karatasi hiyo na ufunguo wako ni mmoja tu, siku kama ile ndiyo mwisho. Hakuna namba ya kupiga wala “nimesahau paswedi” ya kubonyeza. Nawaambia wote ninaowafundisha: kabla ya kusimba faili la kwanza, andika karatasi.

Kuna mambo ambayo SOPS haifanyi, na watu wanadhani inafanya. La kwanza na kubwa ni mtu anapoondoka. Mwaka jana kijana wetu mmoja alipata kazi Dodoma, tukaagana vizuri. Nikamtoa kwenye .sops.yaml, nikaendesha `updatekeys`, nikajiona nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Kumtoa kwenye orodha kunamnyima matoleo yajayo, lakini matoleo ya nyuma yote yamo kwenye historia ya Git, na ufunguo wake unayafungua kama kawaida. Zaidi ya hapo, ufunguo wa data unabaki uleule mpaka uendeshe `sops rotate`, inayotengeneza mwingine mpya. Na hata ukiendesha, paswedi alizokwisha kuziona kichwani mwake hazibadiliki. Dawa ni moja: nenda kwenye hifadhidata, kwenye kampuni ya meseji, kwenye malipo, ubadilishe paswedi zenyewe. Ilinichukua siku mbili. Nilichagua siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika, ili kama kitu kikigoma kisimguse mtu.

La pili, majina yako wazi. Mtu akipata repozitori atajua unatumia huduma gani hata kama hajui paswedi. Kwetu si tatizo, ila usiweke siri kwenye jina. Nimewahi kukuta mtu ametumia namba ya simu ya mteja kama jina la thamani.

La tatu ni migongano. Watu wawili wakihariri faili moja kwenye matawi tofauti ya Git (nakala za kazi zinazokwenda sambamba kabla ya kuunganishwa), lazima wagongane kwenye mstari wa MAC, hata kama waligusa paswedi tofauti. Mara ya kwanza nilijaribu kuunganisha kwa mkono, SOPS ikalikataa faili kwa sababu MAC haikulingana. Siku hizi tunachukua toleo la mmoja, mwingine anaandika upya badiliko lake. Tumegawa pia mafaili: la malipo peke yake, la meseji peke yake, la majaribio peke yake. Migongano imepungua, na faida nyingine ni kwamba vijana wa mafunzo wanapewa la majaribio tu. Kanuni hizo zinaandikwa kwenye .sops.yaml, njia ya faili na funguo zinazoruhusiwa, halafu huhitaji kukumbuka tena.

Maelezo yake rasmi ni ya Kiingereza na ni marefu, yamechanganya njia zote za funguo kwa pamoja. Anayeanza anaweza kupotea kwenye kurasa za AWS kabla hajafika kwenye age. Ruka huko. Sakinisha hizo programu mbili, tengeneza jozi mbili za funguo, moja yako na moja ya karatasi, andika .sops.yaml yenye mistari mitatu, jaribu na faili la uongo. Nilipomwelekeza mwenzetu wa Tabora kwa simu tulimaliza kwa muda wa kunywa chai.

Jambo moja tumeliongeza wenyewe, halimo kwenye maelezo. Mtu mpya akituma ufunguo wake wa wazi, hatuuweki hapohapo. Nampigia, ananisomea herufi nane za mwisho kwa mdomo wake, mimi nafuatilia kwenye skrini. Ufunguo wa wazi hauna siri, lakini nataka nijue kwamba ni wa kwake, si wa mtu aliyeshika simu yake. Wiki iliyopita tulifanya hivyo na dada mpya wa Ujiji, nikiwa nimesimama kwenye ngazi kwa sababu ndani mtandao haushiki, naye akizitaja polepole kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka ya nane.