Adobe Color: nliipa kanga ya bi mkubwa ikanipa kadi ya kicheni pati

Mi natengeneza kadi za shughuli na mabango madogo madogo, na kiukweli rangi nlikua nachagua kwa macho tu, ikikaa poa, isipokaa nafuta naanza upya. Juzi nikapata kadi ya kicheni pati, mama mwenye shughuli anataka damu ya mzee na goldi, alafu hapohapo anasema isifanane na kadi za watu wote. Haya. Ndo nikafungua Adobe Color, kifaa cha kupangia rangi ambacho zamani kilikua kinaitwa Kuler, iko kwenye brauza, bure, huinstali kitu.

Kuna gurudumu la rangi, unavuta kidoti kimoja na vingine vinajisogeza kufata kanuni uliyochagua, rangi jirani, za kukabiliana, pembetatu na nyingine kibao, unapewa rangi 5 na kodi zake, yani zile namba za rangi kama #800000, unakopi unasepa. Nyekundu wameikabilisha na kijani, kama wanavofanya watu wa brashi, maana kwa hesabu za skrini nyekundu inakabiliana na sayani, ile bluu ya kuelekea kijani, na hiyo kwenye kadi ya harusi sijui nani ataitaka.

Ila utamu wenyewe upo kwenye kupandisha picha. Nlipiga picha kanga ya bi mkubwa ya siku nyingi, ishafuliwa mpaka imelainika, programu ikanitolea damu ya mzee ya kwenye pindo, samli ya kwenye mji, na weusi ambao sio mweusi kabisa. Unaweza kuiambia itoe rangi zilizochangamka, zilizopoa au zilizokolea, mi nikachukua zilizopoa na mama alikubali palepale bila zile "hebu jaribu na ingine" ambazo huwa zinanimalizia siku nzima.

Kitu kingine kipimo cha kusomeka, kinapima herufi na rangi ya nyuma yake zimepishana mwanga kiasi gani, namba ikiwa kubwa ndo inasomeka. Herufi za goldi #FFD700 juu ya nyeupe kinakupa kama 1.4 tu, wakati maandishi ya kawaida yanatakiwa angalau 4.5. Sasa goldi hiyohiyo iweke juu ya damu ya mzee #800000, inaruka mpaka 7.8 hivi. Nimewapelekea wateja wangapi goldi kwenye nyeupe jamani, wazee wa watu wanasogeza kadi mbali wanairudisha wanatafuta miwani.

Isichokwambia ni ipi iwe nyingi ipi iwe ya kuonja. Zile 5 zinakaa visanduku sawasawa, na mi kichwa changu mara ya kwanza nikazigawa sawasawa, kadi ikatoka kama bendera. Ilibidi nirudi kuitazama kanga: ile samli ndo imejaa, weusi ni vistari tu.

Na ukitaka kuchanganya rangi usitegemee mambo ya rangi za maji. Njano #FFFF00 na bluu #0000FF ukizigawa nusu kwa nusu kwa hesabu ya skrini hupati kijani, unapata #808080, kijivu cha saruji. Mi kwenye mteremko wa rangi, pale rangi moja inapogeuka taratibu kua nyingine, naweka kijani ya katikati mwenyewe kwa mkono.

Kusevu lazima uwe na akaunti, mi naandika kodi kwenye daftari yanaisha. Na kabla hujachapa kadi 200 toa moja kwanza uione, maana bluu inayowaka kwenye simu wino hauiwezi.